Geji Inasoma 58, Pampu Imeandikwa 4

SWALI: Ndugu Mhandisi, habari za kazi. Nimefunga pampu ya umeme ufukweni Ujiji, karibu usawa wa maji ya ziwa, ili ipandishe maji hadi kwenye tanki lililo mita 45 juu ya pampu. Kibati chake kimeandikwa kanieneo la juu kabisa ni baa 4, lakini geji iliyo kwenye mdomo wa kutolea maji inasoma psi 58, na maji hayafiki tankini. Je, geji ni mbovu au pampu imechoka?

JIBU: Ndugu fundi, geji yako ni nzima na pampu haijachoka, kwa maana psi 58 na baa 4 ni kanieneo lile lile. Mimi hupitisha kila hesabu kwenye kilopaskali: psi 1 ni kPa 6.895, na baa 1 ni kPa 100 kamili. Zidisha 58 kwa 6.895 upate kPa 399.9, ambayo ni baa 4.

Tatizo ni kimo. Maji yaliyosimama ndani ya bomba, liwe jembamba au nene, hukandamiza kwa kPa 9.81 kwa kila mita ya kimo, hivyo mita 45 zinadai kPa 441, yaani baa 4.41 au psi 64. Pampu yako imefika ukomo wake, na maji yamesimama kwenye mita 40.8, zaidi kidogo ya mita 4 chini ya tanki. Kama geji hiyo ina mstari wa pili wa kg/cm², sindano itakuwa karibu na 4.08, usiisome kama baa, kwani kg/cm² 1 ni kPa 98.07, lakini ithamini, kwa sababu kila 1 ya mstari huo ni mita 10 za maji.

Nakusihi usiipandishe pampu mlimani ukidhani utaipunguzia mzigo. Kila mita unayoiondoa upande wa kusukuma inahamia upande wa kufyonza, ambako kinachoyainua maji ni hewa ya nje peke yake. Geji huihesabu hewa hiyo kuwa sifuri, ila ipo: ziwa liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na hapo kanieneo la hewa ni karibu kPa 92, linalotosha kuinua maji mita 9.4 kwa hesabu tupu. Kwa vitendo, nisingevuka mita 6.

Tafuta pampu ambayo jedwali lake linaonyesha kiasi cha maji unachohitaji kwenye mita 45 pamoja na zile zinazopotea kwa msuguano, ambazo hutegemea urefu na upana wa bomba lako. Kabla ya kuinunua, soma maandishi ya bomba: PN 6 maana yake bomba linahimili hadi baa 6, sawa na psi 87, na pampu yenye kimo cha juu cha mita 70 itafikisha baa 6.9 siku valvu ya tanki itakapofungwa.