Avata 2 sasa hivi au usubiri? Mimi ningeanza na rimoti

Mkuu, umeuliza kama ukimbilie Avata 2, ile droni ya kampuni ya China DJI inayorushwa ukiwa umevaa miwani ya video, kabla haijaadimika, au usubiri uone marufuku ya huku Marekani itaishia wapi. Niko Ohio na nimeucheza huu mchezo muda sasa, nakujibu kwa nilivyoona.

Tarehe 22 Desemba 2025 FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, iliingiza kwenye orodha yake ya vifaa vinavyohesabiwa hatari kwa usalama wa taifa droni zinazotengenezwa nje ya Marekani pamoja na vipuri vyake muhimu. Siyo DJI peke yake. Aina mpya, ukitoa chache zilizosamehewa, hazipati kibali cha kuingia sokoni. Zilizokwisha kukipata zinaendelea kuuzwa, na uliyo nayo nyumbani unaruhusiwa kuirusha. Kwa hiyo wanaokwambia "kwepa DJI, chukua kampuni nyingine" hawajasoma vizuri. Mota, kamera, ubao wa kuongozea, karibu kila kitu kinatoka China, liandikwe jina lolote juu yake.

Pesa ya kwanza iende kwenye rimoti. Tafuta RadioMaster Pocket, au Boxer kama mfuko unaruhusu, yenye ELRS, mfumo wa redio unaounganisha rimoti na droni. Programu ya ELRS iko wazi kwa kila mtu na kampuni nyingi zinatengeneza vipokezi vyake, hivyo droni ikivunjika au kampuni ikifungiwa, rimoti ile ile unaiunganisha na nyingine. Ya Avata inaelewana na DJI tu. Hiyo ya ELRS ichomeke kwenye kompyuta kwa waya wa USB, fungua Velocidrone au Liftoff, michezo ya kuigiza urushaji, uanguke humo bila kulipia kipuri. Mwanzoni kidole gumba cha kushoto kinaogopa: ukikaribia ukuta kinashusha moto wote wa mota kwa mpigo, droni inadondoka kama embe bivu. Kikianza chenyewe kupunguza kidogo kidogo huku unakata kona, nenda dukani.

Dukani chukua zile ndogo za milimita 65, mapanga yamezungushiwa ukingo, BetaFPV wanazo nzuri. Unairusha sebuleni na pazia halichaniki. Kwa kuwa iko chini ya gramu 250 na ni ya kujifurahisha, huhitaji kuisajili FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, wala kuwa na Remote ID, ile redio ya kutangaza droni ni ipi na iko wapi. Mtihani wa TRUST, wa usalama kwa wanaorusha kwa kujifurahisha, uko palepale, ni wa bure mtandaoni. Ukivaa miwani nje, lazima mtu asimame karibu nawe akiitazama droni kwa macho yake. Kwangu ni mke wangu, na baridi ya Januari hataki hata kuisikia.

Miwani nunua ya analogi. Picha ina chenga, sikufichi, ila miwani ya analogi ya kampuni yoyote inapokea droni ya analogi ya kampuni yoyote. Dijitali ya DJI, Walksnail na HDZero hazionani. Ukichagua moja umefunga nayo ndoa, na kipindi hiki sioni haraka ya harusi.

Kama hofu ya uhaba inakusumbua, weka akiba ya mota na mapanga. Betri usirundike: hizi za LiPo (lithiamu) kila moja inazeeka hata ikikaa kabatini, na ukiihifadhi imejaa inavimba. Iache kwenye volti 3.8 kwa kila seli.

Halafu, ukienda likizo nyumbani, usiitupie tu kwenye begi. Nairobi shughulikia kwanza kibali cha KCAA, Dar cha TCAA, yaani mamlaka za usafiri wa anga za huko, kabla hujakata tiketi.