Umepewa kazi ya kuandika mafanikio ya idara? Anza na majina

Wiki hii umeingia ujumbe wa msomaji aliyeko Tudor, Mombasa, msaidizi wa ofisi katika idara ya chuo: "Mwalimu, shikamoo. Mahafali yamekaribia na nimeambiwa nikusanye mafanikio ya walimu na wanafunzi ya mwaka mzima, kurasa nne, ndani ya wiki tatu. Nilichonacho ni picha za WhatsApp na hongera nyingi. Nianze wapi? Na nani atangulie, mkuu wa idara au wanafunzi?"

Marahaba. Swali la pili ndilo linalovunja urafiki maofisini, kwa hiyo tuliache mwisho. Kurasa za namna hii huharibika mapema zaidi ya hapo, kwenye majina.

Pwani kwetu jina ni mtihani. Chukua jina la kufikirika, Fatma Said Omar. Kitambulisho kinasema Fatma, cheti cha shule kinasema Fatuma. Makala yake ya kwanza inatoka, jarida linamwandika Omar, F. S., kwa kuwa wahariri wa ng'ambo huona jina la mwisho wakadhani ni la ukoo. Kumbe Omar ni babu yake. Makala ya pili anaandika mwenyewe Fatma Said, anakuwa Said, F. Sasa kwenye hifadhidata kuna watu wawili, kila mmoja na makala moja, na anayetafuta mtafiti wa kumpa ufadhili anawapita wote wawili. Dawa ni kuchagua umbo moja la jina na kulishikilia, kisha kujiandikisha ORCID. Ni bure, ni kazi ya dakika chache, unapata namba ya tarakimu 16 inayokufuata hata ukihama chuo au ukibadilisha jina. Wewe mkusanyaji omba vitu vitatu: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, jina kama lilivyo kwenye makala, na namba hiyo. Usikisie. Mohamed, Mohammed na Muhammad ni watu watatu mpaka mwenyewe aseme. Mtu aliyekosewa jina siku ya mahafali yake ataikunja karatasi yako aitie kwapani, na mamake hataiona.

Jina la chuo chenu nalo lina mitego. Ni Technical University of Mombasa (TUM), si Mombasa Technical University. Anayegeuza maneno kwenye makala yake anakinyima chuo hesabu, kwa sababu mitambo inayohesabu machapisho inasoma herufi, haisomi nia. Tena ukitaja wahitimu wa zamani, waandike kwa jina la wakati wao. Chuo hiki kilianza kama MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu, kikawa Mombasa Technical Institute mwaka 1966, Mombasa Polytechnic 1972, chuo kikuu kishiriki 2007, na hati ya chuo kikuu kamili kikaipata 2013. Aliyehitimu 1998 ana cheti cha Polytechnic. Ukimwandika kuwa ni mhitimu wa TUM utamletea maswali kwa mwajiri anayelinganisha karatasi mbili.

Vyeo vipite haraka: profesa mshiriki aandikwe profesa mshiriki. Mwanafunzi wa uzamivu aliyetetea tasnifu yake juzi bado si Dakta, mpaka Seneti ipitishe na shahada atunukiwe. Wenzake wakimwita Dakta barazani ni utani wao. Karatasi yako isitanie.

Sasa mafanikio yenyewe. Makala ina hatua nne, na watu huziandika zote kwa neno moja, "amechapisha": imewasilishwa, inahakikiwa, imekubaliwa, imechapishwa. Mbili za kwanza si habari. Yeyote anaweza kuwasilisha. Ya tatu iingie kama ana barua pepe ya mhariri, na uandike "imekubaliwa". Ya nne idai DOI, namba ya kudumu ya utambulisho wa makala mtandaoni. Namba hiyo huanza na 10, na ukiiandika baada ya doi.org/ inakufikisha kwenye makala yenyewe. Ikikupeleka pasipo na kitu, mrudie mwenye makala kabla hujaandika herufi moja. Ukifika, tazama mpangilio wa waandishi. Jina likiwa la tano kati ya saba, andika "ni miongoni mwa waandishi", usimfanye mwandishi kiongozi.

Halafu kuna majarida ya kitapeli, na hapa idara nyingi hujiaibisha zenyewe. Dalili zake hazijifichi: ahadi ya kuhakiki kwa siku tatu, ada inayotajwa baada ya makala kukubaliwa, wigo unaochanganya uhandisi, uuguzi na fasihi. Watu hujitetea kwamba jarida lina ISSN. ISSN ni namba ya utambulisho tu, hata jarida bovu hupewa. Wengine huonyesha kiwango cha athari cha kujitungia, ilhali kile kinachotambulika hutolewa na kampuni ya Clarivate. Jarida la bure kusomwa litafute kwenye DOAJ, orodha ya majarida ya aina hiyo. Lisipokuwemo si ushahidi wa utapeli, ila ni sababu ya kuuliza zaidi. Mwalimu aliyetoa pesa zake huko atakukasirikia ukimwacha nje. Mwache akasirike; afadhali hivyo kuliko mwanafunzi kuifuata njia hiyo kwa kuiona imepewa heshima.

Tuzo na mashindano: andika nani aliyetoa, ngazi gani, nafasi ya ngapi. Nafasi ya tatu iandikwe ya tatu. Kuhudhuria si kushinda. Na ushindi upewe mwenyewe. Mfano tulio nao karibu ni Mikoko Pamoja, kule Gazi, Kwale, mradi wa biashara ya hewa ukaa (kaboni) ulioanza 2013 kwenye hekta 117 za mikoko. Ulipata Tuzo ya Ikweta mwaka 2017. Watafiti walifanya kazi kubwa kupima kaboni ile, lakini tuzo ni ya jamii. Mwanafunzi wako akiwa amepima miti pale, andika alichopima, usimwandike kwamba ameshinda.

Pesa za ufadhili zinahitaji sentensi mbili, wala si tarakimu peke yake. Tuseme mradi ni wa euro 2,000,000, taasisi nane, miaka minne, na fungu la idara ni 150,000. Ukiandika "idara imepata euro milioni mbili", kesho wanafunzi watauliza mbona maabara haina maji. Taja jumla, taja fungu lenu, taja miaka, na mtafiti mkuu yuko chuo gani.

Kwenye ubunifu, nyamaza kidogo. Mwanafunzi ametengeneza mashine ya kukuna nazi na wewe unataka kueleza meno yake yamekaaje. Ukichapisha hivyo umeitangaza siri, na hataza (patent) hutolewa kwa kitu kipya. Sheria ya Kenya ya mali ya viwandani ya mwaka 2001 inampa miezi 12 tangu kutangaza mpaka kupeleka ombi KIPI, taasisi ya Kenya ya mali ya viwandani, lakini Ulaya hawana huruma hiyo. Andika mashine inafanya nini, acha inavyofanya. Na "ameomba hataza" si sawa na "amepewa hataza".

Picha. WhatsApp hukamua picha mpaka ikabaki ganda. Mwambie mtu akutumie kama hati, si kama picha. Ili ichapwe vizuri kwa upana wa sentimita 15 inahitaji takriban pikseli 1,800. Jua la saa sita mchana hapa kwetu huchimba mashimo meusi chini ya nyusi. Piga saa kumi alasiri, au kivulini. Andika majina kutoka kushoto papo hapo, kabla watu hawajatawanyika, na uwaombe ruhusa ya kuchapishwa, maana sheria ya ulinzi wa data ya 2019 haikuwasahau wanafunzi. Wamo pia watu ambao picha huwaacha: fundi wa maabara, nahodha wa mashua iliyowapeleka kwenye sampuli. Ulizia majina yao.

Kurasa nne za A4 ni karatasi moja ya A3 iliyokunjwa, na pamoja na picha hubeba maneno kama 1,600. Hiyo ni habari 15 za maneno 70, ikabaki nafasi ya dibaji na vichwa. Siku tatu za kwanza tuma fomu fupi, siku ya kumi funga mlango, siku nne hakiki, siku tatu andika na umrudishie kila mtu aya yake aisome. Asiyejibu ndani ya saa 48, mpigie simu. Kinachobaki ni cha mchapaji, naye siku mbili za mwisho atakwambia stima imepotea.

Na nani atangulie? Wanafunzi. Mahafali ni yao, na wazazi ndio watakaobeba karatasi hiyo mpaka Changamwe na Likoni. Ndani ya kila sehemu panga kwa alfabeti ya jina la kwanza, na uandike juu kwa herufi ndogo: "Majina yamepangwa kwa alfabeti." Mkuu wa idara mpe dibaji, maneno 150 na picha ndogo. Akileta 600, mwekee ukurasa mezani na rula, akate mwenyewe.