Jibu: Gari ya zimamoto ya unga inatoa upepo mtupu

Waalaykumu salaam ndugu yangu wa Chake. Kama nimekufahamu, gari yenu ya unga mkavu wa kuzimia moto mkifungua bunduki (ile ya kurushia unga) inatoka gesi tu, unga hautoki, na geji ya mitungi ya naitrojeni, gesi inayousukuma unga, iko sawa.

Kwanza angalieni mpira unaopeleka unga kwenye bunduki, msianze na tangi. Yetu hapa Unguja ilitufanyia hivyo hivyo masika moja. Tulihangaika na regyuleta, ile ya kupunguza presha ya gesi, siku nzima, kumbe baada ya zoezi la mwisho hakuna aliyepuliza mpira, unga ukabaki ndani ukala unyevu ukawa kama chokaa. Kila mkimaliza kutumia, fungeni unga, pitisheni naitrojeni kwenye mpira mpaka utoke upepo safi. Hewa ya kompresa ya gereji msitumie, ina maji.

Mpira ukiwa mzima, basi ni tangi. Toeni presha yote KABLA ya kugusa kifuniko, usimwamini anayekwambia "imeshatoka". Chukua unga kiganjani: mzuri unateleza kama maji, mabonge yasiyovunjika kwa vidole maana yake ubadilishwe wote. Na msijazie unga wa aina nyengine juu yake. Ule wa baikaboneti na ule wa fosfeti vikichanganyika penye unyevu hutoa gesi na kuganda.

Gari yenu sijaiona, ila dau langu ni mpira.

Jambo jengine: unga unaua ndimi za moto wa petroli upesi sana lakini haupoozi chuma, moto unaweza kurudi. Povu la kuzimia moto liwe tayari pembeni, tena lile linalokubaliana na unga wenu.