Msimtazame mkuu, hesabuni mafundi

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii ni hili: "Mkuu mpya wa NASA ataziokoa safari za anga au atazizika?" Najua mtapokea barua nyingi za kumsifu Jared Isaacman na nyingi za kumponda, maana ni tajiri aliyejigharamia kwenda angani mara mbili kabla ya kupewa shirika hilo la anga la Marekani. Mimi nafundisha fizikia sekondari hapa Malindi, na naona mnamkodolea macho mtu asiyeshika kisu.

Kisu wanacho wenye bajeti. Mei 2025 Ikulu ya Marekani ilipendekeza fungu la NASA lishushwe kutoka karibu dola bilioni 24.8 hadi 18.8, na sayansi ikatwe karibu nusu. Miradi zaidi ya 40 ingefutwa, mingine ikiwa ni vyombo vizima vilivyoko angani vikifanya kazi. Na wakati huo shirika halikuwa na mkuu wa kudumu! Isaacman alikuwa ameteuliwa, jina lake likaondolewa mwisho wa Mei, Waziri wa Uchukuzi Sean Duffy akakaimu kuanzia Julai, halafu Isaacman akateuliwa upya na Seneti ikamthibitisha Desemba. Januari 2026 Bunge likatenga karibu bilioni 24.4, kisu kikarudi alani. Mradi wa kuleta mawe kutoka Mars ndio haukupona.

Si mara ya kwanza. Mwaka 2010 serikali ya Obama iliufuta mpango wa Constellation wa kurudi Mwezini, lakini Bunge likang'ang'ania chombo chake cha Orion kisitupwe. Novemba 2022 Orion hiyo hiyo ilizunguka Mwezi. Wakuu walikuwa wamekuja na kuondoka.

Basi tushangilie? Hapana, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema mambo yametulia. Katika mwaka huo wa wasiwasi wafanyakazi karibu 4,000 wa NASA walijiandikisha kuondoka, yaani takriban mmoja katika kila watano. Oktoba 2025 maabara ya JPL huko California, inayoendesha vyombo vya Mars, ilipunguza watu wengine 550 hivi. Fedha hurudishwa kwa kura moja ya alasiri. Mtu aliyekaa miaka ishirini akijifunza kwa nini kifaa fulani huzidi joto kila kikigeukia Jua, huyo akishaajiriwa kwingine hakuna kura ya kumrudisha.

Sisi watu wa huku tuna mfano wa kutazama kwa macho. Ukipanda barabara ya Gongoni, ukapita mashamba ya chumvi hadi Ngomeni, utaliona baharini jukwaa la San Marco la Waitaliano, limesimama juu ya miguu yake ya chuma. Kati ya 1967 na 1988 zilirushwa hapo setilaiti tisa. Moja ilipaa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ikabatizwa Uhuru: ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahsusi kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. (Wanafunzi wangu wengi hulisikia hili kwangu kwa mara ya kwanza, nao wamezaliwa mwendo wa matatu tu kutoka hapo.)

Jukwaa lile halikuhitaji mkuu mbaya ili linyamaze. Lilijengewa roketi ndogo ya Scout, setilaiti zikazidi kunenepa, na Scout yenyewe ikastaafishwa 1994. Ujuzi wa kurusha ukaondoka na warushaji. Aprili 2023, Kenya ilipokuwa na setilaiti yake Taifa-1, ilibidi ipelekwe California ikapande roketi ya SpaceX.

Lakini antena zilizoko nchi kavu hazikunyamaza. Hadi leo zinapokea data za Swift, NuSTAR na IXPE, darubini tatu za NASA. IXPE huzunguka sambamba na ikweta, hivyo hupita karibu na utosi wetu kila baada ya dakika mia moja na kitu. Kilichoziweka hai ni makubaliano: Italia inatoa kituo, wanasayansi wake wanapata sehemu yao ya kazi ya darubini hizo. Nikiri kuwa ubia nao si hirizi, kwani pendekezo lile la 2025 lingeiondoa NASA hata kwenye LISA, mradi wa Ulaya wa kunasa mawimbi ya mvutano angani. Hata hivyo ni vigumu zaidi kufunga mlango ambao jirani naye ana ufunguo.

Mkitaka kujua hali ya mbele, acheni hotuba za Mwezi mkaifuate Swift. Iliundwa kwa kazi ya miaka miwili, nayo ipo juu tangu Novemba 2004. Msukosuko wa Jua umeinenepesha hewa ya juu, na chombo kinazidi kushuka. Septemba 2025 NASA iliipa kampuni ya Katalyst dola milioni 30 itume chombo cha kuidaka na kuipandisha. Kwa bajeti ya mabilioni hizo ni chenji, lakini fedha hizo zilipatikana kwa sababu bado wapo watu wanaoifahamu Swift vya kutosha kuitetea.

Mwanafunzi akiniuliza kama kusomea mambo ya anga ni kupoteza karo, namwambia asomee elektroniki ya redio. Mkataba wa Kenya na Italia wa 2016 unataja mafunzo kwa Wakenya. Ningependa gazeti lenu liulize, wiki moja tu, ni vijana wangapi wa Magarini na Malindi wanaokaa leo kwenye meza za kuendeshea zile antena za Ngomeni.

Msomaji wenu,
Malindi