Pimeni kwa lita kabla ya kupima kwa rejesho la mwezi

Mhariri, swali la wiki hii lilikuwa: "Anayetaka gari jipya la haibridi anunue lini, na alipe taslimu au akope?" Haibridi ni gari lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme na betri yake. Nalijibu swali hilo kwa urefu kwa sababu mimi na mke wangu tumelipitia, na nusura tukosee.

Siku tuliyoingia kwa muuzaji, swali lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa, "Mnaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi?" Hakuuliza tunaendesha kilomita ngapi, wala kama tunashinda kwenye foleni au kwenye barabara kuu. Nikamtajia kiasi. Akabonyeza kikokotoo chake, akafuta, akabonyeza tena, kisha akakigeuza upande wangu. Rejesho lilikuwa chini kidogo ya nilichotaja. Nilifurahi kweli, na kalamu ilikuwa tayari mkononi. Mke wangu ndiye aliyeuliza ni kwa miezi mingapi. Miezi 84. "Miaka 7 hiyo," akasema. "Na betri ina waranti ya miaka mingapi?" Ilikuwa 8. Tukashukuru, tukaaga, tukarudi nyumbani na gari letu kuukuu lililokuwa likilia klachi.

Jioni ile tulianza daftari. Kwa miezi mitatu, kila tulipojaza tangi tuliandika kilomita za odometa, lita zilizoingia, na safari zilikuwa za aina gani. Nawasihi wasomaji wenzangu waanzie hapo, kabla hata ya kutazama rangi ya gari. Haibridi huokoa mafuta zaidi pale gari linaposimama na kuondoka mara kwa mara: ukikanyaga breki, mota ya umeme hugeuka jenereta na kurudisha betrini sehemu ya nguvu ambayo kwenye gari la kawaida ingeishia kuwa joto la breki. Kwenye foleni injini huzimika na gari hutambaa kwa umeme. Lakini ukienda mwendo mkubwa wa mfululizo kwa saa mbili, breki huigusi, na nafuu hupungua sana. Watu wawili wanaweza kununua gari lilelile, siku ileile, kwa bei ileile, mmoja akafaidika na mwingine akabeba betri bure.

Sasa hesabu yenyewe. Linganisha haibridi na gari jipya la petroli la ukubwa uleule. Usililinganishe na mkweche ulio nao nyumbani, maana karibu kila gari jipya litaushinda. Chukua tofauti ya bei ya magari hayo mawili, uigawanye kwa bei ya lita moja ya mafuta unakojazia. Utapata tofauti hiyo ikiwa katika lita, na lita ni kipimo ambacho muuzaji hawezi kukigeuza kwa kikokotoo.

Tuseme tofauti imetoka lita 2,000. Unaendesha kilomita 15,000 kwa mwaka, gari la petroli linakula lita 8 kwa kilomita 100, na haibridi inakula 5. Kwa mwaka unaokoa lita 450. Ukilipa taslimu, tofauti ile imerudi baada ya miaka 4 na miezi mitano hivi. Lakini kama safari zako nyingi ni za barabara kuu na unaokoa lita 1 tu kwa kila kilomita 100, hizo ni lita 150 kwa mwaka, na utasubiri miaka zaidi ya 13. Na tahadhari: takwimu za ulaji mafuta zilizo kwenye kipeperushi hupimwa maabara. Ongeza kidogo kabla ya kuziingiza kwenye hesabu yako.

Hapo bado hatujagusa mkopo, na mkopo ndio unaomeza lita kimyakimya. Tulipouliza mahali pawili, wote walitutajia riba ya asilimia 12 kwa miaka 4. Maneno yalikuwa yaleyale, lakini mikataba ilikuwa tofauti kabisa. Wa kwanza alikuwa akitoza riba juu ya salio linalopungua, yaani kadiri unavyolipa ndivyo riba inavyokokotolewa kwenye deni dogo zaidi. Ukikopa 10,000 ya fedha yoyote ile, utarudisha jumla ya 12,640. Wa pili alikuwa akitoza asilimia 12 ya mkopo wote kila mwaka, hata mwaka wa nne ambapo umeshalipa sehemu kubwa. Hapo utarudisha 14,800. Riba ya namna hiyo, ukiigeuza kuwa ya salio linalopungua, inakaribia asilimia 21. Nilikasirika nilipoiona karatasi ile, kwa sababu herufi za asilimia 12 zilikuwa kubwa na jumla ya marejesho haikuandikwa popote. Ilibidi niiombe.

Rudisha hayo kwenye lita. Zile lita 2,000 za tofauti ya bei, ukizikopa kwa mkataba wa kwanza, zinakuwa kama 2,530, na zinarudi baada ya miaka mitano na nusu na zaidi kidogo. Kwa mkataba wa pili zinakuwa 2,960, na utasubiri zaidi ya miaka 6 na nusu. Gari ni lilelile, foleni ni ileile, ila karatasi moja imekuongezea miaka miwili na zaidi kuliko aliyelipa taslimu. Kwa hiyo ombeni jumla ya marejesho kwa maandishi, pamoja na ada za kushughulikia mkopo na bima wanayoilazimisha, na muulize kama kuna faini ya kumaliza deni mapema. Tulimwuliza mmoja swali hilo la faini akanyamaza, akaanza kupekua kurasa. Tukajua jibu.

Kuhusu urefu wa mkopo nina msimamo mkali: mkopo wa haibridi uishe mapema sana kabla ya waranti ya betri kubwa kuisha. Watengenezaji wengi huipa betri hiyo miaka 8 au kilomita 160,000 hivi, chochote kitakachotangulia, ingawa wengine hutoa zaidi. Soma kijitabu cha gari lako. Betri nyingi huishi muda mrefu kuliko waranti. Lakini ikifa huku bado unadaiwa, utalipia vitu viwili kwa mpigo, rejesho na betri, na mapato ni yaleyale.

Kuna jambo jingine la urefu ambalo wengi huligundua siku ya ajali. Gari jipya hupoteza thamani kwa kasi zaidi mwanzoni. Tuseme bei ni 100, umetanguliza 10 na kukopa 90 kwa riba ile ya asilimia 12 ya salio linalopungua. Ukichagua miaka 7, baada ya miaka miwili ya kulipa bila kukosa hata mwezi mmoja bado unadaiwa 71. Ukichagua miaka 4, unadaiwa 50. Gari likiibwa au likiharibika kabisa siku hiyo, kampuni ya bima kwa kawaida hulipa thamani ya gari kwa wakati huo, na deni lililozidi hapo ni lako. Utakuwa unalipia gari ambalo huna. Sisi tuliamua kwamba kama hatuwezi kutanguliza 30 na kumaliza kwa miaka 4, basi gari lile si la saizi yetu bado.

Je, taslimu ni bora? Kwa hesabu tupu, ndiyo. Lakini sikubali mtu akombe akiba yote ya dharura ili akwepe riba. Ugonjwa au kazi ikiyumba mwezi unaofuata, atakopa kwa masharti mabaya kuliko ya gari.

Lini? Msikimbilie haibridi mafuta yanapopanda ghafla. Julai 2008 pipa la mafuta ghafi lilivuka dola 147, na Marekani watu wakapanga foleni kusubiri magari haya. Kufikia Desemba mwaka uleule pipa lilikuwa limeshuka chini ya dola 40. Aliyenunua Julai alilipa bei ya hofu. Muuzaji akiwa na orodha ya wanaosubiri, hana sababu ya kukupunguzia hata thamani ya mazulia ya chini.

Tazameni pia umri wa toleo. Prius, haibridi ya Toyota, ilianza kuuzwa Japani Desemba 1997, na vizazi vipya vikaja 2003, 2009, 2015, kisha kingine kikazinduliwa Novemba 2022, yaani kila miaka 6 au 7. Toleo likikaribia mwisho wake, wauzaji hutaka kumaliza yaliyobaki, na hapo bei huzungumzika. Nami ningeogopa mwaka wa kwanza wa toleo jipya: kizazi cha 2009 kilikuwa hakijatimiza hata mwaka pale Toyota ilipoyarudisha gereji, Februari 2010, magari ya haibridi zaidi ya 400,000 duniani ili kurekebisha programu ya breki. Matengenezo hayo hayakulipiwa na wenye magari, ila kwa nini uwe wewe wa kulijaribia kosa?

Na wakati mzuri kuliko yote ni pale gari lako la sasa bado linatembea. Mtu anayeshuka kwenye daladala kuingia kwa muuzaji kwa sababu gari lake limekufa jana, huyo hana nguvu ya kuondoka. Sisi tulijipa miezi sita ya majaribio: kila mwezi tuliweka benki kiasi kilekile cha rejesho tulilotarajia, kana kwamba mkopo umeshaanza. Mwezi wa tatu tulishindwa, klachi ile ilikata na fundi akala karibu yote. Badala ya kujidanganya tukaanza kuhesabu upya, na ikatuchukua miezi tisa. Akiba hiyo ndiyo iliyokuwa sehemu kubwa ya malipo yetu ya awali.

Tulirudi kwa muuzaji yuleyule, mwisho wa mwezi, toleo likiwa linaelekea ukingoni. Aliuliza tena tunaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi. Mke wangu akamwomba kwanza bei kamili ya gari, ndipo tuzungumze mengine.

Tumebakiza marejesho 11. Daftari liko kwenye kisanduku cha mbele cha gari, kurasa zake zimeshika harufu ya petroli, na mstari wa mwisho wa mwezi uliopita unasema lita 5.2 kwa kilomita 100.