Wikendi mjini Bath: nunua tiketi ya maji kwanza, hoteli baadaye

Ndugu na jamaa walioko London wakiniuliza waende wapi wikendi bila kupanda ndege, huwa nawatajia Bath, mji wa Uingereza wenye chemchemi za maji moto. Swali linalofuata huwa ni hoteli gani nzuri. Hoteli baadaye! Anza na maji.

Kuna sehemu mbili ambazo wageni huzichanganya. Roman Baths ni makumbusho. Chemchemi yake inatoa zaidi ya lita milioni moja kwa siku, zenye joto la nyuzi 46 hivi, lakini huogi humo. Lile bwawa kubwa halina paa tena, jua linaotesha mwani, ndiyo maana maji ni ya kijani. Anayetaka kuoga aende Thermae Bath Spa, iliyofunguliwa mwaka 2006 jirani tu na hapo, yenye bwawa juu ya ghorofa. Kwa kawaida tiketi inakupa muda wa saa mbili. Chukua ya jioni, tena wakati wa baridi, kichwa kikipigwa na upepo huku mwili uko kwenye maji moto. Wanaume na wanawake huoga pamoja, na walio chini ya miaka 16 hawaingii, kwa hiyo wenye watoto mpeane zamu.

Kama kazi inakuruhusu, nenda Jumapili urudi Jumatatu. Ukitaka kulala Jumamosi, hoteli nyingi zitakulazimisha ulipie usiku mbili, na bei imepaa. Soko la Krismasi likianza mwishoni mwa Novemba, mimi siendi kabisa. Treni kutoka stesheni ya Paddington, London, ni kama saa moja na nusu. Nunua tiketi mapema, na uhakikishe kwamba Jumapili hiyo reli haikarabatiwi, la sivyo utajikuta kwenye basi. Mwenye gari aliache kwenye maegesho ya nje ya mji, Lansdown au Odd Down, apande basi.

Makumbusho ingia asubuhi, mlango ukifunguliwa tu. Wengi hukimbilia kupiga picha bwawani. Wewe kaa kwenye vibao vya madini ya risasi. Watu wa enzi ya Warumi walioibiwa nguo wakioga waliandika mashtaka yao kwenye vipande vya risasi, wakavitupa kwenye chemchemi ili mungu wao, Sulis Minerva, amshughulikie mwizi. Mmoja, Docilianus, aliibiwa joho lake lenye kofia, akaomba mwizi asipate usingizi wala watoto, awe mwanamume au mwanamke, mtumwa au huru. Mtu wa pwani akisoma hayo atacheka: hiyo si halbadiri kabisa?

Mchana tembea. Royal Crescent, nyumba 30 zilizopangwa nusu duara kati ya 1767 na 1774, inatazamwa bure, na daraja la Pulteney lina maduka pande zote mbili. Vaa raba, kuna vilima.

Wageni wengi huondoka bila kufika Fairfield House, nje kidogo ya katikati ya mji. Haile Selassie aliishi humo uhamishoni baada ya Waitalia kuivamia Ethiopia, na mwaka 1958 akaitoa kwa mji iwe makao ya wazee. Haifunguliwi kwa wageni kila siku, kwa hiyo ulizia kabla hujakata tiketi ya treni. Mimi ningebadilisha hata tarehe ya safari kwa ajili yake.