Bodi ya mashine ya nyasi ikiliwa na kutu: itiwe kiraka au itafutwe nyingine?

Ukubwa wa tundu haukuambii kitu. Ndilo jibu ninalompa kila anayeniuliza kuhusu mashine ya kukatia nyasi iliyooza bodi, maana swali huanza hivyohivyo: "Tundu limefika hapa, bado inafaa?" Nimeona bodi yenye tundu la kupitisha ngumi ikatiwa kiraka na kuendelea kukata kwa misimu mingi. Nimeona pia nyingine yenye ufa mfupi kuliko kidole, nikaishauri itupwe siku hiyohiyo. Cha kuangalia ni mahali kutu ilipokula.

Ile bodi ya chuma inayofunika kisu imebeba injini, imeshika magurudumu na mpini, na juu ya yote ndiyo kinga pekee kati ya kisu na miguu yako. Kisu cha mashine ya kusukuma huzunguka karibu mara 3,000 kwa dakika. Kikiwa na urefu wa sentimita 53 hivi, ncha zake hupita mita 80 kwa sekunde. Kokoto ikiguswa na ncha hiyo haitafuti njia ya kutokea, hutokea palipo dhaifu.

Kutu huanzia chini, upande usiouona. Nyasi mbichi zilizosagwa hugandamana ndani ya bodi zikatunza unyevu wiki nzima, na kama kuna mbolea ya chumvichumvi, kazi huenda haraka zaidi. Juu rangi bado inang'aa. Dalili ya kwanza ni vipele: kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo huisukuma rangi ikavimba. Ukibonyeza kipele kwa ukucha kikabonyea, ujue chuma cha chini yake kimeshakwenda.

Kabla ya kuiinamisha mashine, chomoa waya wa plagi na uuweke mbali, kisha toa petroli. Inamisha ili chujio la hewa na kabureta vibaki juu, la sivyo oili itaingia visipotakiwa, na ukiiwasha utakaribishwa na wingu la moshi mweupe. Kwangua nyasi zote mpaka uone chuma. Hapa watu huwa na haraka, nami hapa ndipo ninapokaa sana. Gonga kwa nyundo ndogo, taratibu, ukizunguka bodi nzima: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu. Penye sauti butu, dunga kwa bisibisi ya zamani. Ikizama au ikimomonyoa magamba, zungushia chaki. Ukimaliza utaona kwamba tundu ulilokuwa ukililalamikia ni katikati tu ya doa kubwa zaidi.

Sasa angalia chaki yako imezunguka wapi. Ikiwa ni ukingo wa pembeni, au karibu na mdomo wa kutolea nyasi, au sehemu ya wazi isiyobeba kitu, kiraka kinatosha. Ikiwa imefika kwenye bolti za injini, ambazo kwa kawaida ni tatu, au panapofungwa mpini na magurudumu, mimi sitii kiraka. Shika injini kwa mikono miwili uitikise. Bodi ikinesa chini yake, au ukiona nyufa zinazoanzia kwenye matundu ya bolti, mtetemo wa injini umeshaanza kumalizia kilichobakishwa na kutu. Wapo wanaoweka sahani nene ya chuma chini ya injini. Hufaa tu pale sahani inapofika kwenye chuma kizima pande zote, na hata hapo kumbuka kwamba injini imepanda: kisu nacho kimepanda, na mkanda wa kuendesha magurudumu, kama upo, hauko tena kwenye mstari wake.

Tuseme ni kiraka. Toa injini kabisa. Tangi la petroli na cheche havikai pamoja, hata likiwa tupu, maana mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka. Isitoshe, umeme wa kuchomelea ukipita kwenye shafti huumiza bearingi. Kata sehemu yote iliyooza mpaka ufike kwenye chuma chenye unene wake wa asili. Kuchomelea juu ya chuma kilicholiwa ni kujitafutia matundu mapya, kwa sababu moto hukitoboa kabla hakijashika. Kiraka kiwe cha bati la milimita 2 hivi, chenye pembe za mviringo, kwa kuwa kona kali ndiko nyufa zinakopenda kuanzia. Kiweke upande wa nje, kilalie chuma kizima kwa sentimita 2 kila upande. Ukikiweka ndani utaacha ngazi ya kunasa nyasi, na utavuruga hewa inayozisimamisha nyasi zikatwe vizuri. Bati likiwa na madini ya zinki, yasage kwanza yatoke: moshi wake huleta homa na kutetemeka usiku huo.

Fundi mzuri hashoni mstari mrefu kwa mkupuo mmoja. Hutia nukta, akahamia upande wa pili, akaacha ipoe, akarudi. Bodi ikipinda kwa joto, kisu kinaweza kuigusa.

Asiye na mashine ya kuchomelea atumie bolti zenye kichwa cha mviringo, kichwa kikae ndani na nati nje, kisha azibe maungio kwa gundi ya bodi za magari ili maji yasijifiche katikati. Kiraka cha alumini juu ya chuma sikipendi. Metali hizo mbili zikilowa pamoja, alumini huanza kuliwa. Na faibaglasi au epoksi peke yake huziba macho tu. Jiwe la kwanza litakuonyesha.

Ikibidi bodi nyingine, soma namba ya modeli kwenye kibandiko cha mashine yenyewe, si ya injini, kisha uulizie bodi kwa namba hiyo. Linganisha bei yake na ya mashine mpya kabla hujalipa. Kwa mashine ndogo ya kusukuma mara nyingi hesabu hukataa. Njia ninayoipenda mimi ni kutafuta mashine iliyokufa injini ikabaki na bodi nzima. Zipo nyingi, maana wengi huua injini kwa kusahau oili. Pima nafasi kati ya matundu ya bolti, kipenyo cha shafti (inchi 7/8, yaani milimita 22.2, na inchi 1 ndizo utakazokutana nazo sana), na urefu wa shafti unaoshuka chini ya bodi. Huo urefu ndio unaosahaulika, nao ndio unaoamua kisu kikae wapi. Kisu kifuate bodi, si injini. Nenda na sumaku: ikikataa kushika mahali kwenye bodi ya chuma, muuzaji ameziba kwa plasta akapaka rangi.

Kebo ya breki ya kisu irudi mahali pake ukihamisha injini. Ukiachia mpini kisu kinatakiwa kusimama ndani ya sekunde 3, na kama hakisimami mashine hiyo isitumike, hata bodi ikiwa mpya kiasi gani.

Rangi ni kazi fupi: brashi ya waya, dawa ya kugeuza kutu penye madoa yasiyotoka, praima, kisha rangi mbili za juu. Ndani haitadumu, mchanga utaikwangua, kwa hiyo kila baada ya kukata kwangua nyasi zikiwa bado laini na uache bodi ikauke kabla ya kuiweka stoo. Oili chafu ya injini wengi huipaka ndani kama kinga. Huzuia kutu kweli, ila hudondokea nyasi, nazo huungua.

Ukishafunga kila kitu, zungusha kisu kwa mkono, waya wa plagi ukiwa bado umechomolewa, usikilize kama kinakwaruza popote. Baada ya kukata mara ya kwanza, rudia kukaza bolti za injini: rangi mpya iliyo chini ya vichwa vyake husagika, na bolti zilizokuwa zimekaza asubuhi zinaweza kuwa zimelegea jioni.